Usiseme "Hakuna la Kufanya": Somo la Tiba Shufaa kwa Wanafunzi wa Udaktari



Katika kazi ya kuratibu miradi ya dayosisi, kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Husemwa kwenye korido ya hospitali, kwa sauti ya chini, na mara nyingi anayeyasema ni daktari kijana aliyechoka: "Mpelekeni mgonjwa wenu nyumbani, hakuna la kufanya tena." Ndugu hukodi gari, mgonjwa hurudishwa kijijini, na kuanzia siku hiyo familia hubaki peke yake na maumivu yasiyo na dawa.

Somo la robo hii linahusu maneno hayo. Tutaona kwa nini si ya kweli, na namna mwanafunzi wa udaktari anavyoweza kufundishwa asiyatamke. Mimi si daktari. Nilisomea maendeleo ya jamii. Haya ninayoyaandika nimefundishwa na wauguzi, madaktari, wainjilisti, na zaidi ya wote na wagonjwa tuliowatembelea majumbani.

TULIKOTOKA

Nianze kwa kuungama. Miaka ya mwanzo ya mradi wetu wa kuwahudumia wagonjwa majumbani, tulijipima kwa idadi ya nyumba tulizotembelea. Wahudumu wetu wa kujitolea walibeba sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Waliimba, waliomba, walifua mashuka. Taarifa zetu kwa wafadhili zilipendeza. Lakini hatukuwa tumeuliza swali moja: usiku mgonjwa analala?

Siku moja mjane wa mzee tuliyekuwa tumemzika aliniambia bila hasira, "Baba, mlitusaidia sana. Ila mngemsikia alivyolia usiku, msingeleta unga tu." Sikuwa na jibu. Mzee yule alikuwa na saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Dawa ya maumivu aliyokuwa nayo ni parasetamoli.

Tangu siku ile nimeamini kwamba huruma bila ujuzi humwacha mgonjwa akilia. Nimeona pia upande wa pili, kwamba ujuzi bila huruma ndio unaozaa yale maneno ya kwenye korido. Mwanafunzi wa udaktari anahitaji vyote viwili, na vyote viwili vinafundishika.

TIBA SHUFAA NI NINI?

Tiba shufaa ni huduma ya kuzuia na kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa mzito, pamoja na kuitegemeza familia yake. Wengi hudhani ni huduma ya siku za mwisho tu, au ni ya wenye saratani peke yao. Sivyo. Inamhusu pia mwenye UKIMWI, mwenye moyo ulioshindwa kazi, mwenye figo zilizokufa, aliyepooza kwa kiharusi, na mtoto mwenye selimundu. Tena inapaswa kuanza mapema, sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe, bila kungoja dawa nyingine zote zishindwe.

Mtu anayetajwa sana katika historia ya huduma hii ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya St Christopher's huko London kwa ajili ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hii, kufundisha na kufanya utafiti.

Kwetu Afrika Mashariki, hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, na moja ya mambo aliyoyashika mapema ni kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Hapa Tanzania, hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma hii mwaka 1999, na baadaye hospitali nyingine za KKKT zikafuata.

Pamoja na hatua hizo, safari bado ni ndefu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziiingize huduma hii katika mifumo yao ya afya na katika mafunzo ya watumishi. Azimio ni jema. Lakini azimio haliingii nyumbani kwa mgonjwa mpaka limpate mtu wa kulibeba, na mtu huyo leo yuko darasani.

Sasa tuangalie mambo manne ambayo mwanafunzi hana budi kujifunza.

JAMBO LA KWANZA: KUULIZA NA KUSIKILIZA

Mwaka mmoja tulipokea wanafunzi wa udaktari waliokuja kwenye mazoezi kwa vitendo. Nilifuatana na mmoja wao, kijana mwenye bidii, pamoja na muuguzi wetu wa tiba shufaa, kwenda kwa mama mmoja aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali aliyotoka ilikuwa imemrudisha kwa maneno yale yale.

Tulipita kwenye migomba, tukakaribishwa. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Kijana akasema, "Shikamoo mama." Akajibiwa, "Marahaba mwanangu." Kisha akatoa daftari akaanza kuuliza: damu ilianza kutoka lini, watoto wangapi, kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua hivi. Maswali yote yalikuwa sahihi kama alivyofundishwa. Mama alijibu kwa neno moja moja, macho ameyaelekeza ukutani.

Alipomaliza, muuguzi alivuta kigoda, akakaa usawa wa kichwa cha mgonjwa, akauliza, "Mama, pole. Katika yote haya, leo kinachokusumbua kuliko vyote ni kitu gani?"

Mama alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Harufu. Wajukuu hawaingii humu tena."

Kijana alisimamisha kalamu. Muuguzi akaendelea kuuliza kidogo kidogo, na mengine yakatoka. Maumivu ya kiuno yalikuwa yanamwamsha kila usiku. Alikuwa na deni la kikundi cha kuweka na kukopa ambalo mwanawe hakulijua. Tena alikuwa na hofu kwamba Mungu anamwadhibu.

Hayo ndiyo Saunders aliyoyafundisha. Maumivu ya mgonjwa ni ya namna nne, na yamefungamana: ya mwili, ya moyo na akili, ya mahusiano na maisha ya kila siku, na ya roho. Ukitibu kiuno ukaliacha deni, mama hatalala. Ukiombea roho ukakiacha kiuno, vile vile hatalala.

Harufu ya kidonda cha saratani ina dawa, na haina gharama kubwa. Vidonge vya metronidazoli husagwa vikawa unga, vikanyunyizwa kwenye kidonda baada ya kukisafisha kwa maji ya chumvi. Kwa kidonda cha ndani kama cha mama huyu, muuguzi aliyefunzwa anajua namna ya kuiweka. Alimwonyesha binti wa mama namna ya kumsafisha, akaacha dawa ya kutosha. Dirisha likafunguliwa. Mwinjilisti wa mtaa akaja kwa habari ya ile hofu, na mwana mkubwa akaambiwa habari ya deni, mama mwenyewe akiwapo na kwa ridhaa yake.

Baada ya wiki mbili tulirudi. Mama alikuwa amekaa nje akichambua maharage, mjukuu ameegemea goti lake. Alifariki mwezi uliofuata. Kijana wetu aliniambia tukiwa njiani, "Nimesoma miaka minne. Sikujua kama harufu ni kazi ya daktari."

JAMBO LA PILI: MOFINI SI SUMU WALA SI MWISHO

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa za maumivu ya saratani. Hatua ya kwanza ni dawa kama parasetamoli na ibuprofeni. Ya pili ni dawa za nguvu kidogo kama kodeini. Ya tatu ni mofini. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 unaichukulia ngazi hiyo kama kielelezo cha jumla tu, bali kanuni zake zimebaki: dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, itolewe kwa saa, na ipimwe kwa kila mgonjwa kwa kadiri ya maumivu yake.

Maneno "kwa saa" yana uzito. Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Anayengoja maumivu yarudi ndipo anywe, kila mara huanza vita upya. Ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala mara nyingi hupewa dozi mara mbili ya ile ya mchana ili mgonjwa asiamshwe usiku. Mofini hiyo hutengenezwa kwa unga wa dawa na maji, na haihitaji mashine wala sindano. Kule Uganda hutiwa rangi tofauti ili chupa ya nguvu ndogo isichanganywe na ya nguvu kubwa. Tena tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofuzu mafunzo maalumu ya huduma hii kuandika mofini, kwa sababu daktari hayuko kila kijiji.

Mwanafunzi afundishwe pia kuzijibu hofu tatu, kwa kuwa atakutana nazo kwa ndugu na hata kwa wakubwa wake wa kazi.

1. "Atakuwa teja." Mgonjwa anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na kwa uangalizi, si kawaida kuingia kwenye uteja. Mwili huzoea dawa, kwa hiyo haiachwi ghafla. Hupunguzwa pole pole. Kuzoea kwa mwili ni jambo moja na uteja ni jambo jingine.

2. "Itamzuia kupumua." Ikianzwa kwa dozi ndogo, kwa mtu mzima mara nyingi miligramu 2.5 hadi 5, na kuongezwa hatua kwa hatua kwa kufuata maumivu, hatari hiyo ni ndogo. Mwenye figo mbovu, mzee sana au aliyedhoofika huhitaji tahadhari zaidi. Haya ni ya kupimwa na aliyefunzwa. Hakuna ndugu wa kujipimia nyumbani.

3. "Ukipewa mofini umekwisha." Wako wanaoitumia kwa miezi mingi, wakatembea, wakafika kanisani, wakafanya kazi ndogo ndogo. Ugonjwa ndio unaoua, na maumivu huharakisha kumchosha mtu.

Kuna kosa moja ambalo wanafunzi hulifanya sana, nalo ni kuandika mofini na kusahau choo. Karibu kila anayetumia mofini hufunga choo, na kufunga choo kwa siku saba ni mateso mengine. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ile ile, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha. Muuguzi wetu huwaambia wanafunzi, "Mkono ulioandika mofini na uandike na bisakodili, la sivyo wewe ndiwe utakayekuja kumtoa choo kwa kidole." Hulicheka neno hilo, lakini hawalisahau.

Ziko takwimu ambazo kila mwanafunzi angefaa kuzijua. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Dawa ipo duniani. Inasimama mahali fulani njiani, na sehemu mojawapo inaposimama ni kwenye kalamu ya daktari mwenye hofu.

JAMBO LA TATU: KUSEMA KWELI KWA UPOLE

Kila mwanafunzi atakutana na ndugu atakayemvuta pembeni na kumwambia, "Daktari, tafadhali usimwambie mgonjwa." Asimkaripie ndugu huyo. Anasema hivyo kwa upendo. Lakini pia asikubali haraka. Amwulize, "Mnaogopa nini akijua?" Kisha aende kwa mgonjwa na kumwuliza yeye mwenyewe anachojua na anachotaka kujua. Mara nyingi mgonjwa amekwisha kujua, na ananyamaza ili asiwaumize watoto. Nyumba nzima inajua, na kila mmoja analia peke yake.

Mwaka 2000 walimu wa udaktari wa Amerika ya Kaskazini walitoa utaratibu wa hatua sita za kumpa mgonjwa habari ngumu. Ninaueleza hapa kwa namna tunavyoutumia:

1. Tafuta mahali pa faragha, kaa chini, zima simu.
2. Uliza mgonjwa anaelewa nini juu ya ugonjwa wake.
3. Uliza angependa kuelezwa kiasi gani, na nani awepo.
4. Eleza kwa maneno mepesi, kidogo kidogo, bila lugha ya darasani.
5. Pokea machozi, hasira au ukimya. Usikimbilie hatua inayofuata.
6. Mwambie mtakachofanya kuanzia leo, na siku mtakayoonana tena.

Hatua ya sita ndiyo inayoyaondoa maneno ya kwenye korido. Badala ya "hakuna la kufanya," mwanafunzi hujifunza kusema, "Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hatuna. Lakini maumivu tutayapunguza, choo tutakiangalia, na Alhamisi muuguzi atafika kwako." Maneno hayo yote ni ya kweli, na mtu anaweza kuyashika.

JAMBO LA NNE: KUKAA

Katika Ayubu 2:11-13 tunasoma habari za rafiki watatu waliokwenda kumfariji Ayubu. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona jinsi huzuni yake ilivyokuwa kubwa. Tumezoea kuwalaumu rafiki hao, lakini siku saba zile walifanya vema. Waliharibu walipoanza kueleza kwa nini Ayubu anateseka.

Nasi viongozi wa usharika tujipime hapo. Mgonjwa anayesema "Mungu ananiadhibu" hahitaji mahubiri ya haraka wala ahadi ya uponyaji ambayo hatukutumwa kuitoa. Anahitaji mtu wa kukaa. Daktari kijana akijua kukaa dakika kumi bila kutazama saa, amejifunza jambo ambalo halipatikani kwenye vitabu vyake.

YAFUNDISHWE WAPI NA NAMNA GANI?

Kwa yale tuliyoyaona, napendekeza kwa walimu wa vyuo na waganga wafawidhi wa hospitali zetu mambo matano:

1. Somo lianze mapema na lirudiwe kila mwaka. Lisibanwe kwenye mhadhara mmoja wa mwaka wa mwisho.

2. Kila mwanafunzi amtembelee mgonjwa mmoja nyumbani zaidi ya mara moja. Ziara ya kwanza huonyesha shida. Ya pili huonyesha kama alichokifanya kimesaidia.

3. Walimu wawe pia wauguzi, wachungaji wa hospitali na maafisa ustawi wa jamii. Mwanafunzi aliyefundishwa na muuguzi hatamdharau akishakuwa daktari.

4. Somo liwe na mtihani, na mtihani uwe wa vitendo: aanzishe mofini, aeleze habari ngumu, atunze kidonda. Wanafunzi ni watu. Kisichoulizwa kwenye mtihani hakisomwi.

5. Wanafunzi wapewe nafasi ya kuzungumza baada ya kifo cha mgonjwa wao. Yule kijana wetu alinipigia simu usiku wa msiba, akanyamaza kitambo kabla ya kusema. Asipopata wa kumsikiliza, kesho atajifunza kutokuhisi, na hapo ndipo maneno ya kwenye korido huzaliwa.

WAJIBU WETU

Msomaji unaweza kusema, "Mimi si mwalimu wa udaktari." Hata hivyo una sehemu yako. Usharika unaweza kuwapokea wanafunzi na kuwapeleka majumbani. Familia inaweza kukubali mwanafunzi akae na mgonjwa wao, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Mzee wa kanisa anaweza kuuliza lile swali ambalo sisi hatukuuliza: usiku analala? Na ukiambiwa kwenye korido kwamba hakuna la kufanya, uliza kwa heshima, "Daktari, na maumivu je? Nani atatusaidia nyumbani?" Swali hilo nalo linafundisha.

Mjane wa yule mzee bado yu hai. Wanafunzi wanapokuja, huwa namwomba azungumze nao kabla ya kuwapeleka kwa wagonjwa. Huwaeleza habari za usiku ule. Yeye ndiye mwalimu wao wa kwanza.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wenu, ni nani leo ana maumivu ya muda mrefu? Nani amemwuliza kinachomsumbua kuliko vyote?

2. Taja hofu mliyo nayo juu ya mofini. Imetoka wapi, na somo hili limeijibuje?

3. Je, ni vema kumficha mgonjwa habari za ugonjwa wake? Fikirini mgonjwa mwenyewe angetaka nini, na mnawezaje kumwuliza.

4. Someni Ayubu 2:11-13. Ni lini ukimya ni msaada, na ni lini ni kumkimbia mgonjwa?

5. Usharika wenu ukipokea wanafunzi wawili wa udaktari kwa wiki moja, mngewapeleka kwa nani, na mngependa wajifunze nini?